Kidole Kwenye Fundo la Kitenge

Maji yanayochemka ndani ya chuma hayanuki kama maji yanayochemka ndani ya sufuria. Yana harufu ya kutu na ya mpira uliopata joto kupita kiasi, na ndani yake kuna utamu kidogo unaokaa kooni kama dawa ya kikohozi. Nilikuwa na miaka kumi nilipoijua harufu hiyo. Hadi leo nikiipata barabarani, mahali ambapo gari la mtu limesimama pembeni na boneti limeinuliwa, napunguza mwendo bila kutaka. Nusu yangu huanza kutafuta kasoro. Nusu nyingine hutaka kuketi chini kwenye vumbi na kubaki hapo. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa uani kwetu, hapa Bunia, msimu mmoja wa mvua, wakati udongo mwekundu ulipokuwa ukipanda hadi kwenye kizingiti cha mlango na maua ya kahawa yalipokuwa meupe nyuma ya nyumba. Yote ninayoyajua kuhusu magari yalianzia hapo, na mengi ninayoyajua kuhusu mama yangu.

Gari lenyewe halikufaa kuwa kwetu. Lilikuwa gari la Kijapani la michezo, la milango miwili, jeupe, la chini kiasi kwamba mtoto aliyesimama kando yake aliweza kuona paa lote. Taa zake za mbele zilikuwa zimefichwa ndani ya boneti, na ukibonyeza kitufe ziliinuka polepole kama macho ya mnyama anayeamka. Watoto wa mtaa waliliita Chura siku ileile lilipoingia. Baba yangu alikuwa mpimaji katika ghala moja la kahawa, na tajiri wake, alipofunga ghala na kuhamia ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya habari mbaya zilizokuwa zikishuka kutoka vilimani, alimwachia gari hilo kama zawadi ya kumuaga. Alikuwa amelinunua Kampala kwa kupenda umbo lake, akalileta Bunia, barabara zikalishinda, akalichoka. Baba hakulichoka. Lilipogusa matuta kwa tumbo, alikwenda kwa fundi wa chuma akatafuta vipande vya kuliinua. Vumbi lilipoziba pua ya injini, alishona kichujio cha pili kwa kitambaa cha shati. Katika kisanduku cha mbele kulikuwa na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna mtu Ituri aliyeweza kukisoma, na baba alikisoma kwa michoro, akifuata mishale kwa ncha ya msumari, jioni baada ya jioni kabla jua halijatua.

Usukani ulikuwa upande wa kulia, kama magari yote yanayopitia Uganda, na sisi huku tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ina maana kwamba dereva akitaka kulipita lori haoni kitu mbele, na ni lazima aliyeketi kushoto awe macho yake. Kwetu, macho hayo yalikuwa ya Koko. Koko alikuwa mama wa baba, mzaliwa wa upande wa Mahagi, mwanamke mrefu aliyekuwa ameharibika nyonga zote mbili. Hakuweza kutembea zaidi ya kutoka kitandani hadi mlangoni, na hakuweza kukaa kwenye kiti cha kawaida bila kuugua. Lakini kiti cha Chura kilikuwa kimelala nyuma, chini, na siku ya kwanza baba alipomwinua na kumweka pale alifumba macho akasema, "Ee, mwana wangu, hapa mifupa yangu inanyamaza." Tangu siku hiyo alikuwa akishinda mle ndani hata gari likiwa limesimama, mlango wazi, akichambua maharage juu ya mapaja. Kwa kuwa aliketi upande ambao madereva wetu huketi, wapita njia walimtania: "Jambo, Shofere! Unatupeleka wapi leo?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Jambo. Mimi sibebi batu ba makelele." Wakiwa njiani sauti yake ndiyo iliyoongoza gari. "Ngoja! Kamio inakuja." Kisha, baada ya lori hilo kupita, "Pita, mwana wangu, njia iko bule." Bule kwetu ni tupu, na baba alipita. Sikumwona hata mara moja akigeuza shingo kuhakikisha.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hii ni lazima niieleze vizuri. Siku zile watu wenye silaha walikuwa wameanza kuchukua magari ya watu. Walifika, waliomba ufunguo, waliondoka. Kwa hiyo kila mwenye gari Bunia alikuwa na kipande alichokitoa kila alipoegesha, ili gari libaki chuma kisichokwenda. Wengine walitoa waya mmoja, wengine waya zote. Baba alitoa kitu kidogo kuliko vyote: kipande cha plastiki ya kahawia, kirefu kama kifundo cha kidole gumba, chenye ulimi wa shaba juu yake. Hukaa chini ya kile kikombe ambamo nyaya nene za umeme hutoka, na injini ikizunguka nacho huzunguka, kikigawa umeme kwa plagi moja baada ya nyingine. Mafundi wetu hukiita kwa Kifaransa jina lenye maana ya kidole, na nyumbani tulikiita kidole tu. Bila kidole, injini itazunguka siku nzima na haitawaka. Kila alipofika nyumbani baba alifungua kikombe, alikitoa, akampa mama, na mama alikifunga kwenye pembe ya kitenge chake, katika fundo lilelile alimoweka dawa ya homa, sindano na vitu vyake vingine vya kuangaliwa. Asubuhi baba alinyoosha mkono tu, bila neno, na mama alifungua fundo bila neno. Nilipenda kuwatazama wakifanya hivyo. Hawakuwa watu wa kushikana mikono mbele ya watoto, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa namna yao.

Shida ilianza kwa kiu. Chura alikuwa akinywa maji. Baba alijaza rejeta asubuhi, na jioni ilikuwa imepungua, ilhali chini ya gari udongo ulikuwa mkavu. Mtu mwingine angeendelea kujaza. Baba alikaa na swali hilo kana kwamba limeulizwa na mwalimu. Maji hayapotei, aliniambia. Ama yanatoka nje, ama yanaingia mahali. Alitandaza makaratasi chini ya injini yote, akanituma nitambae na kuyakagua, na yalikuwa makavu. Alibadilisha mfuniko wa rejeta kwa mwingine aliouazima, tukaenda hadi sokoni na kurudi, kiu ikawa ileile. Akaurudisha wa zamani kabla ya kujaribu kitu kingine. Niliuliza kwa nini asiuache ule mpya na abadilishe na bomba pia, tumalize haraka. Alinitazama kwa uvumilivu. "Kimoja kimoja, Rozi," alisema. "Ukibadirisha bitu mbili mara moja, na gari ikapona, utajua je ni gani iliiponyesha?" Kisha aliniitia nyuma ya gari, akaweka kiganja changu mbele ya bomba la moshi injini ikiunguruma, na kiganja kikatoka na unyevu wenye ule utamu. Akafungua mfuniko wa mafuta ya injini, na chini yake kulikuwa na uji mzito wa rangi ya maziwa na chai. Maji yalikuwa yakiingia ndani ya injini yenyewe. Gasketi, lile bamba jembamba linalokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, lilikuwa limeungua, na hakuna njia ya kulifikia isipokuwa kukiinua kichwa chote.

Nataka kusema jambo moja hapa kwa uangalifu, kwa sababu nimelirudia akilini maisha yangu yote. Gari bado lilikuwa linatembea. Lilichemka, lilitoa moshi mweupe, lilihitaji kusimamishwa na kunyweshwa kila baada ya mwendo mfupi, lakini lilitembea. Kulifungua kulikuwa ndiyo kazi sahihi, kwa kila kitabu nilichosoma baadaye. Ukiendelea kuendesha injini ya namna ile, utaiua. Baba alifanya uamuzi sahihi kwa gari. Hakuna aliyekuwa akifikiria jambo lingine zaidi ya gari.

Aliifungua chini ya paa la turubai alilolifunga kati ya nyumba na mkaratusi. Kila boliti iliyotoka ilichomekwa kwenye kadibodi aliyochora umbo la injini, kila moja katika tundu lake, na kazi yangu ilikuwa kuilinda kadibodi hiyo dhidi ya kuku na dhidi ya Pascal, mdogo wangu, aliyekuwa akitambaa. Gasketi ya zamani alimpa dereva wa lori aende nayo Kampala kama kielelezo, kwa maana huku hununui kipuri kwa jina, unakinunua kwa kuweka cha zamani juu ya meza. Tukangoja. Jirani yetu Jalum, aliyebeba mkaa wa watu kwa baiskeli, hakuacha siku ipite bila kusimama kwenye ua wetu wa miti. "Baba Rozi! Ile Chura yako itaruka siku gani?" Koko alimjibu kutoka kitini mwake, kwa kuwa hata gari likiwa limefunguliwa tumbo alikuwa akishinda ndani yake: "Itaruka siku kinga yako itapata freni." Baiskeli ya Jalum haikuwa na breki, alisimama kwa kuburuta kandambili, na kandambili yake ya kulia ilikuwa imeisha kisigino. Alicheka hadi mkaa ukamwagika. "Siye batu ba kinga tunafika," alisema. "Nyinyi munangoja kitu ya kutoka Kampala." Baba hakuinua uso. Alikuwa akikwangua kichwa cha injini kwa kipande cha mbao, kwa sababu chuma kingekikwaruza.

Katika siku hizo zote hakuna aliyenyoosha mkono kuomba kidole. Kilikuwa kwenye fundo tangu jioni gari lilipoegeshwa mara ya mwisho, na gari lisilo na kichwa halihitaji kidole. Mama alifua kitenge kile, alikianika, alikifunga upya, alihamisha fundo kutoka pembe hii hadi ile. Kilikuwa kimekuwa kama sindano, kama dawa.

Gasketi mpya ilifika ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Habari kutoka vilimani zilifika nayo. Kwanza watu waliokuja mjini walikuwa wamebeba magodoro, kisha wakaja bila magodoro. Baba alianza kufunga injini, naye aliifunga kama kitabu kilivyoonyesha: boliti za katikati kwanza, kisha za nje, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko ukikaza zaidi kidogo. Jalum alisimama uani, safari hii bila mzaha. "Baba Rozi, funga tu. Funga yote, tuende." Baba alisema, "Nikifunga vibaya haitafika hata darajani."

Siku ya kuondoka ilikuwa asubuhi yenye manyunyu. Milio ilisikika upande wa juu wa mji, na barabara ya Komanda ilijaa watu kabla ya chai. Jalum alileta baiskeli yake, akatandika gunia juu ya kiti cha nyuma, akajitolea kumbeba Koko. Walimwinua wawili, baba na Jalum, wakamweka. Hakupiga kelele. Alishika kiuno cha Jalum, wakafika kwenye lango la ua, na pale nyonga zikakataa, akateleza taratibu kama nguo inayoanguka kutoka kwenye kamba. Baba alimdaka kabla hajafika chini. Alimrudisha kwenye kiti cha gari, akamfunika miguu. Kisha akaangalia injini. Kichwa kilikuwa kimekwisha kaa, kilibaki mkanda, mabomba, maji, mafuta. "Saa sita itakuwa imewaka," alimwambia mama. "Mutangulie na batoto. Siye na Koko tutawapita njiani." Koko akasema kutoka ndani, "Na tutapiga honi, musikae katikati ya njia kama mbuzi." Mama alicheka. Tulipakia vitu vyetu kwenye baiskeli ya Jalum, Pascal akafungwa mgongoni, tukaondoka. Niligeuka kwenye kona. Baba alikuwa ameinama, nusu ya mwili ndani ya boneti, na mkono wa Koko ulikuwa umetoka dirishani, kushoto, kiganja kikipima manyunyu.

Tulitembea katikati ya watu hadi jua likapasua mawingu. Kila mlio wa injini nyuma yetu ulitufanya tugeuke. Yalipita malori mawili, pikipiki, gari la misheni lililojaa hadi juu ya paa. Nilikuwa nikiijua sauti ya Chura, niliijua hata ikiwa na homa, na hakuna sauti iliyokuwa yake. Karibu na daraja la Shari Pascal alianza kuwaka mwili. Mama aliketi kwenye ukingo wa barabara, akalegeza fundo la kitenge ili atoe dawa, na pamoja na dawa kikadondoka kile kipande cha kahawia, kikalala juu ya majani, ulimi wake wa shaba ukimetameta.

Hakukiokota. Alikitazama. Kisha aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuambiwa jina jingine lolote, "Rozi, hii ni nini?"

"Ni kidole, Mama."

Jalum aliinama. "Kidole ya nini?"

"Ya gari," nilisema. "Bila hii haiwake."

"Hata akifunga bile bingine byote?"

"Hata byote."

Mama alisimama, akaanza kutembea kurudi tulikotoka. Hakukimbia. Alitembea kana kwamba amesahau kitu jikoni. Watu walimgonga mabega, Pascal akilia mgongoni, nami nikamfuata nikiwa nimeshika upande wa nguo yake. Ni Jalum aliyetupita na kusimama mbele yake. Alikuwa amekwisha fungua kamba, vyombo vyetu vyote vikiwa chini kwenye majani, baiskeli tupu mkononi. "Leta," alisema.

"Jalum, batakuua."

"Mama Rozi, nimeicheka ile Chura tangu iingie mtaa. Acha leo niikimbilie."

Mama alimwekea kidole kwenye kiganja, akavikunja vidole vya Jalum juu yake, kimoja baada ya kingine. Jalum alipanda, akaingia katikati ya ule mto wa watu kwa upande wa kinyume, akipiga kelele wampishe, kandambili ile ikiburuzwa kila alipohitaji kupunguza mwendo. Nilihesabu vilima vya barabara akilini. Nilipanga: atafika, baba atafungua kikombe, atakichomeka, dakika chache tu. Nilikuwa mtoto wa baba yangu, niliona kazi yote mbele yangu, hatua kwa hatua, na hakukuwa na hatua iliyoshindikana.

Jalum alirudi kabla ya giza, kwa miguu. Shati lilikuwa limechanika. Tulimwona kwa mbali, mama akasimama, akatazama barabarani nyuma ya Jalum, mbali kadiri macho yalivyoweza kufika, kisha akamtazama yeye. "Njia imefungwa," alisema Jalum. "Hata kwenye mashamba nilijaribu. Kinga balichukua." Akatia vidole mdomoni na kutoa kile kidole cha gari, kimelowa mate. "Hii hawakuona." Alikuwa amekificha chini ya ulimi akifikiri huenda bado atapenya. Mama alikipokea, akakifuta kwenye gauni, akakifunga kwenye pembe ya kitenge. Asubuhi tuliendelea kutembea na wengine.

Tuliporudi Bunia, msimu mwingine wa kahawa ulikuwa umekwisha pita. Nyumba haikuwa na mabati. Chura alikuwa pale alipoachwa, juu ya mawe, bila magurudumu, bila betri, bila vioo, amezama kwenye majani hadi milangoni. Nyuma ya nyumba, kati ya mibuni, kulikuwa na vilima viwili vya udongo, na jirani mmoja mzee ambaye hakuwa amekimbia ndiye aliyetuonyesha kipi ni cha nani. Alikuwa amejificha ndani kwake siku ile, ukuta mmoja tu na uani kwetu. Mama alimuuliza swali moja: kama gari lilikuwa limemalizika. Mzee yule aliona haya kujibu. "Tulisikia inakohoa," alisema hatimaye. "Inakohoa, inanyamaza. Inakohoa tena. Na mama ya Baba Rozi alikuwa ndani, anamwambia, 'Pita, mwana wangu, njia iko bule.' Na kweli barabara ilikuwa bule, batu bote balikwisha kwenda. Kisha balikuja bale."

Niliinua boneti nikiwa peke yangu. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Kila boliti ilikuwa mahali pake, kadibodi ilikuwa tupu, mabomba yalikuwa yamekazwa, maji yalikuwa yamejaa hadi shingoni mwa rejeta. Kikombe cha nyaya kilikuwa kimefunguliwa na kulazwa kando, juu ya kitambaa safi. Pembeni yake, kwenye sahani ya betri, kulikuwa na vipande viwili vya mti wa mbuni vilivyochongwa kwa kisu: cha kwanza kifupi mno, cha pili kimepasuka. Cha tatu kilikuwa bado kimechomekwa mahali pa kidole, kimechongwa vizuri, na ulimi wake ulikuwa umekatwa kutoka kwenye kufuli letu la shaba. Nilikitoa. Ubavuni mwake kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Sikujua maana yake. Nilijua miaka mingi baadaye, kutoka kwenye kitabu kuukuu cha umeme wa magari nilichokipata sokoni bila jalada: mti mbichi una maji ndani, na umeme ule mkali hupenya kwenye maji hayo ukashuka kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Kiasi fulani kilifika. Ndiyo maana lilikohoa. Kama kungekuwa na moto wa kukaushia, na muda, pengine. Nimejaribu kuchonga kingine kama kile kwa mbao iliyokauka, kwenye injini nyingine. Kinafanya kazi kwa muda mfupi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Shule yangu ilikufa katika miaka ile na sikuifufua. Nilijifunza kwa vitabu vya kuokota na kwa kufungua vitu vya watu, na leo natengeneza jenereta na magari katika mji ambao umebadilika kuliko ninavyoweza kuueleza. Katikati ya Bunia kuna lami. Pikipiki zimejaa kila njia panda, na vijana wanaoziendesha hawajawahi kuona taa zinazoinuka kutoka kwenye boneti. Kijana akiniletea gari jipya, nachomeka kifaa chini ya usukani na simu inaniambia ugonjwa kwa jina, kabla sijanusa chochote. Na pembeni mwa mji, mwaka hadi mwaka, wanafika watu wapya kutoka vilimani, kwanza na magodoro, kisha bila magodoro. Nawatazama wakipita na najikuta nikitazama pembe za vitenge vya akina mama. Zamani nilifikiri kwamba mtu akijua vya kutosha, na akifanya kimoja kimoja kwa utaratibu, kitu hupona. Sasa najua mengi kuliko baba alivyojua, na mafundo bado yanafungwa, barabara ileile bado inajaa.

Chura bado yupo. Nimemjengea kibanda kidogo cha mabati. Miaka kadhaa iliyopita nilianza kumchunguza kwa njia aliyonifundisha baba, kimoja kimoja, nikijiambia kwamba nataka tu kujua hali yake. Nilimwaga mafuta ya zamani: yalikuwa bado safi, hakuna uji wa maziwa. Nilipima mgandamizo wa silinda zote nne, na zote zilikuwa sawa. Mkanda ulikuwa umekaa kwenye alama zake. Plagi zilikuwa nzuri. Kila nilipothibitisha jambo, nilitamani lingekuwa limeharibika. Nilitafuta boliti moja iliyolegea, mpasuko mmoja, kosa moja tu la mkono wake, ili niweze kwenda jikoni na kumwambia mama kwamba gari lile lisingeondoka hata kama baba angepewa vidole mia. Sikulipata. Ningeweza kununua betri na petroli wakati wowote. Kitu kimoja tu kimebaki cha kujaribu, na hicho kiko kwenye fundo.

Mama hajawahi kunipa. Ana vitenge vingine sasa, na kila anapobadilisha, fundo linahama. Msimu uliopita wa mvua alitoka nje akiegemea ukuta, akaja hadi kwenye kibanda nilipokuwa nimeinama juu ya injini, akasimama akinitazama. Kisha alilegeza fundo na kukiweka kwenye kiganja chake, kikiwa kimechubuka pembe kwa miaka ya kusuguliwa na nguo.

"Rozi. Nikikupa hii, itawaka?"

Nilichukua kitambaa nikafuta mikono, ingawa haikuwa michafu sana. "Sijui, Mama."

"Weye?" Hakukuwa na ukali katika sauti yake. "Gari za Bunia yote unajua. Hii ya baba yako ndiyo hujui?"

Nilikunja kile kitambaa mara mbili. Mvua ilianza kugonga mabati ya kibanda. Alinitazama usoni, na nikaona kwamba amekwisha jibiwa. Akakunja vidole vyake juu ya kidole, akakirudisha kwenye pembe ya kitenge, akafunga fundo na kulikaza kwa meno kwa sababu mikono yake haina nguvu tena.

Kila Jumamosi navalisha spana kwenye boliti kubwa ya mbele na kuizungusha injini kwa mkono, nusu mzunguko, ili chuma kisishikane na chuma. Inazunguka laini. Halafu nafunga boneti.